Apdeti ya simu haiji? Angalia kwanza simu yako ilitengenezewa mtandao gani

Kila Android mpya ikitangazwa, wiki haiishi hapa Ngamiani, Tanga, kabla sijaulizwa, mbona yangu haijaja? Na wengi wanaouliza wanakuja wakiwa wameshampata wa kumlaumu, wanasema ni laini, mmoja anataka kuhama Airtel aende Halotel, mwingine anakwambia tangu Tigo iitwe Yas ndo mambo yameanza. Mimi kazi yangu ni simu, nauza, natengeneza, nawahamishia watu namba na picha zao, na hili suala la apdeti linaniuma kwa sababu watu wanapoteza hela kwa kitu ambacho muuzaji angeweza kuwaambia pale pale dukani kabla hawajatoa hata shilingi. Leo naandika ndefu, mnivumilie.

Ni kweli mtandao unaweza kuchelewesha apdeti, tena miezi. Ila mara nyingi siyo huo mtandao wa laini uliyoweka wewe. Ni mtandao wa nchi ambako simu yako iliuzwa kwa mara ya kwanza, na wewe huenda hujawahi hata kulisikia jina lake.

Apdeti ya Android haitoki kwa Google ikaingia moja kwa moja kwenye simu yako. Inasafiri kama lori la machungwa la Muheza, kila kizuizi linasimama. Google wanatoa toleo jipya, likitoka hapo linapita kwa watengeneza chipu, yaani ubongo wa simu, akina Qualcomm, MediaTek na Unisoc, wanalifanya likubaliane na chipu zao. Kisha kiwanda cha simu kinaweka vitu vyake juu, Samsung wanaweka One UI, Tecno wana HiOS, Infinix wana XOS, wanajaribu kamera, wanajaribu betri, wanarekebisha. Kwa simu nyingi tunazonunua mpya hapa Tanzania safari inaishia hapo, kiwanda kinaanza kuachia kwa mafungu, watu wachache kwanza halafu wengine, ndo maana jirani yako mwenye simu kama yako anaweza kupata leo na wewe ukapata wiki ijayo, na hilo lisikutie presha.

Marekani kuna kizuizi kingine. Kule watu wengi wananunua simu kwenye mtandao wenyewe, AT&T, Verizon au T-Mobile, mteja analipa kidogo kidogo kila mwezi, mara nyingi simu inakuwa imefungwa kwa muda isikubali laini ya mtandao mwingine, na ndani yake kuna programu za mtandao ule. Softiwea yake ni ya kwao pia, kwa hiyo kabla apdeti haijatoka lazima na wao waipime. Sababu wanayo, tusiwaonee, simu ikishaapdetiwa ikashindwa kupiga 911 mtu akiwa na dharura lawama itawaangukia wao, na kuna mambo ya kupiga kwa 4G na kupiga kwa waifai ambayo kila mtandao umeyapanga kivyake. Kupima sikatai hata kidogo. Kinachonikera ni kwamba mtu wa mwisho kwenye mnyororo, yule aliyetoa hela yake, hakuna anayemwambia apdeti imekwama kwa nani.

Na siyo simu za hali ya chini tu. Galaxy Nexus ilikuwa simu ya Google wenyewe, imetengenezwa na Samsung, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba apdeti zinatoka kwa Google. Android 4.1 ilipotoka Julai 2012 zile za kawaida zikaanza kuipata mwezi huo huo, ile iliyouzwa na Verizon ikasubiri mpaka Septemba. Sa kama simu ya mwenye Android mwenyewe ilisubiri, yako wewe iliyopita mikono mitatu je?

Mtu ataniambia asubiri tu, apdeti ni mambo ya kubadilisha rangi za menyu. Hapana ndugu yangu. Mwaka 2015 mwezi wa saba walitangaza tundu moja la usalama kwenye Android linaitwa Stagefright, mtu angeweza kukushambulia kwa kukutumia ujumbe wa MMS tu, na waliolivumbua walikadiria simu kama milioni 950 zilikuwa hatarini. Kutokana na hilo, Agosti 2015 Google wakaanza kutoa viraka vya usalama, yaani apdeti ndogo za kuziba matundu, kila mwezi. Kiraka kikawa kipo, ila kufika kwenye simu ya mtu ndo ikawa kazi, mpaka Mei 2016 mamlaka mbili za Marekani, FCC ya mawasiliano na FTC ya biashara, wakaandikia barua mitandao na viwanda wakitaka maelezo apdeti zinachelewa wapi. Sisi hapa pesa yetu iko ndani ya simu, mama muuza samaki ana lipa namba, mwenye bodaboda analipwa kwa simu, kikoba kinachangwa kwa simu. Kiraka kikichelewa miezi sita ni miezi sita umeacha mlango wa duka umeegeshwa.

Google na wao wamejaribu kupunguza vizuizi. Mwaka 2017 kwenye Android 8 walileta mpango unaitwa Treble, wakatenganisha Android yenyewe na ile sehemu ya watengeneza chipu ili kiwanda kisirudie kazi yote upya kila toleo. Kwenye Android 10, mwaka 2019, baadhi ya vipande vya mfumo vikaanza kuletwa kupitia Play Store bila kusubiri mtu. Imesaidia kweli. Ila toleo zima jipya, na viraka vingi vya kila mwezi, bado vinapita njia ile ile ndefu.

Sasa turudi Tanga. Kuna mzee mmoja wa Chumbageni alikuja na Samsung kali, ametumiwa na mwanawe, imenunuliwa ikiwa imetumika, imepitia Dubai. Imetunzwa vizuri, kioo hakina hata mkwaruzo.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Hii simu haitaki kujiongeza. Nimeshabadili laini mara mbili na hela imekwenda.”

Nikaizima nikaiwasha mbele yake. Kabla ya kufika kwenye picha ya wajukuu zake ikatokea nembo kubwa ya mtandao mmoja wa Marekani. Nikamuuliza, mzee hii nembo huwa unaiona? Akasema anaiona kila siku, alidhani ni ya Samsung. Nikaingia Mipangilio, Kuhusu simu, nikashuka mpaka taarifa za programu, namba ya modeli inaishia na U, na chini kabisa kwenye mstari wa toleo la mtoa huduma kuna herufi tatu za mtandao ule ule. Kiraka cha usalama kilikuwa cha zaidi ya mwaka nyuma. Ukibonyeza kutafuta apdeti inazunguka, inasema simu yako iko sawa. Ile simu ilikuwa inauliza kwa mtandao ambao hauna habari kama kuna mzee Chumbageni anaitumia.

Tulichofanya, nilichukua kompyuta nikaweka Smart Switch, ile programu ya Samsung wenyewe, nikaiunganisha simu kwa waya, ikapata apdeti iliyokuwa inasubiri. Wakati mwingine njia hii inakubali, wakati mwingine inagoma, ila ni ya mwenye simu mwenyewe, ni bure na haifuti vitu vyako, kwa hiyo ianze hiyo kabla ya kufikiria mambo mengine. Na hayo mambo mengine ni kuflashi, yaani kuweka softiwea ya toleo lisilo la mtandao. Mafundi wapo wanaoweza na Samsung za Marekani nyingi zinakubali, lakini inafuta kila kitu, faili likiwa siyo lenyewe simu inabaki kipande cha kioo, na faili lililookotwa sehemu isiyojulikana unaliwekaje kwenye simu yenye akaunti ya benki? Fundi akikwambia “niachie uje kesho” bila kukueleza anaweka toleo gani na amelitoa wapi, chukua simu yako uondoke.

Kwa hiyo unaponunua Samsung iliyotumika usianze na kamera, anza na namba ya modeli. Chukua mfano Galaxy S21. SM-G991B ni ya kimataifa, hiyo ndo ya kutafuta. SM-G991U1 ni ya Marekani lakini haikutengenezewa mtandao wowote maalum, nayo siyo mbaya. SM-G991U bila ile moja ni ya mitandao ya Marekani, SM-G991N ni ya Korea. Kwenye ule mstari wa mtoa huduma ukikuta VZW ni Verizon, ATT ni AT&T, TMB ni T-Mobile. Kuna dalili nyingine rahisi kwa sisi tunaopenda laini mbili, toa kile kitrei, Samsung za mitandao ya Marekani mara nyingi zina nafasi ya laini moja tu. Sisemi usinunue, bei yake huwa nzuri na simu zenyewe ni imara, nasema nunua ukijua, na bei ishuke kwa sababu hiyo. Muuzaji akikuzuia kufungua Mipangilio hiyo biashara siitaki hata kwa nusu bei.

Namba ya IMEI nayo, ile ya utambulisho wa simu, ipate kwa kupiga *#06#, uitume kwa meseji kwenda 15090, jibu likirudi liwe na jina la simu uliyoshika mkononi. Mnakumbuka Juni 2016 TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, walivyozima simu feki, watu walilia. Kopi haina apdeti ya mtandao wala ya kiwanda, haina mwenyewe.

iPhone ni habari nyingine. Tangu ya kwanza ya 2007, ambayo iliuzwa na AT&T peke yao kule Marekani, Apple walishika wenyewe suala la apdeti, mtandao hauna nafasi ya kukaa nayo, ndo maana iOS, mfumo wa iPhone, ikitoka wa New York na wa Raskazone hapa Tanga wanaipata siku moja. Tatizo la iPhone huku kwetu ni zile zilizofungwa mtandao zikawekewa R-SIM, kidude chembamba kinachokaa pamoja na laini kuidanganya simu, ili zikubali laini zetu. Hiyo ukiapdeti unaweza kuamka haina mtandao, maana ule ujanja unategemea toleo lililopo, kwa hiyo wenyewe wanaogopa kuapdeti na simu inazeeka na matundu yake. Ingia Mipangilio, Jumla, Kuhusu, tafuta mstari wa kufungwa na mtandao, ukikuta haujaandikwa kwamba haina kizuizi cha laini, achana nayo.

Kwa wenye Tecno, Infinix na itel mpya za dukani, apdeti isipokuja msiulaumu mtandao wowote, hapo ni kiwanda. Simu za bei ya chini nyingi zinapewa toleo moja la mbele au hazipewi kabisa, na viraka vinakuja kwa kuruka ruka. Upande mwingine Google walianza na simu yao ya Pixel 8 mwaka 2023 kuahidi apdeti za miaka 7, Samsung wakafuata na Galaxy S24 mwaka 2024. Ulaya kuanzia Juni 2025 sheria inadai simu mpya ziwe na apdeti angalau miaka mitano tangu ziache kuuzwa. Natamani na sisi tufike huko, hata kwa kuanzia tu muuzaji alazimike kuandika kwenye boksi simu itahudumiwa mpaka mwaka gani, tungechagua kwa macho wazi.

Mitandao yetu ya hapa nayo ina sehemu yake kwenye kuchelewa, ila ni upande wa bando. Toleo zima linaweza kula GB 2 au 3, kiraka cha mwezi MB mia kadhaa, na simu nyingi zinakuja zimepangwa zipakue kwa waifai tu. Mtu hana waifai nyumbani, ile taarifa inakaa juu ya kioo mwezi mzima anaifuta kila asubuhi. Ninavyowafundisha wateja, jiunge bando la usiku kwenye simu nyingine, hata ya mkeo au ya mdogo wako, washa hotspoti, simu yako itaiona kama waifai na itapakua bila kugoma. Hamisha picha zako kwanza, hifadhi chati za WhatsApp, acha nafasi ya kutosha maana simu iliyojaa inapakua halafu inashindwa kufungua, na chaji iwe zaidi ya nusu, umeme ukikatika katikati isikuzimikie. Ikiwaka tena itapata joto na kuwa nzito siku moja mbili, iache itulie. Halafu ingia Kuhusu simu uangalie mwezi wa kiraka cha usalama, kama haujabadilika apdeti haikuingia, anza upya usiku unaofuata.