Ukiulizwa Umri wa Dunia, Usikimbilie Kaboni

Wewe unayeanza jiolojia, swali hili litakukuta tu: "Mnasema dunia ina miaka bilioni 4.5. Nani alikuwepo akahesabu?"

Mara yangu ya kwanza nilijibu kwa kifua mbele: tumepima kwa kaboni-14. Muulizaji akatabasamu, akataka kujua kaboni hiyo inafika wapi. Nusu-maisha yake, yaani muda wa nusu yake kuoza, ni miaka 5,730. Ikishapita miaka 50,000 hivi, kinachobaki ni kidogo mno kupimika. Yeye, aliyeamini dunia ina miaka 6,000, ndiye aliyekuwa sahihi kuhusu kaboni, na watu walituona.

Kwa hiyo ijue zirikoni hadi uweze kuieleza bila karatasi. Ni fuwele ndogo, mara nyingi kama punje ya mchanga. Inapoumbika hupokea urani lakini risasi, ile metali, huikataa, karibu yote. Risasi utakayoikuta ndani, basi, imezaliwa humo humo urani ilipokuwa ikioza, yaani ikigeuka polepole kuwa risasi. Na saa ni mbili: urani-238 ina nusu-maisha ya miaka bilioni 4.47, urani-235 miaka milioni 704. Zikisoma umri mmoja, anayepinga ana kazi ya kueleza zilikoseaje zote mbili kwa pamoja. Zirikoni za Jack Hills, Australia, zimefika miaka bilioni 4.4. Umri wa dunia yenyewe mwanasayansi Clair Patterson aliupata mwaka 1956 kwa risasi ya vimondo, mawe ya angani yaliyoumbika wakati mmoja na dunia: bilioni 4.55.

Utaambiwa pia kwamba lava ya juzi ilipimwa ikaonekana ina malaki ya miaka. Usikatae, hutokea. Lava changa huweza kubeba fuwele kongwe au gesi ya argoni ya zamani, na kipimo cha potasiamu na argoni, kinachohesabu argoni iliyozaliwa potasiamu ikioza, kikitumiwa ovyo hapo ni sawa na kupima sindano kwa mizani ya malori. Kisha mtajie Vesuvio, volkano ya Italia. Mlipuko wa mwaka 79 ulipimwa kwa argoni, majibu yakatolewa mwaka 1997: miaka 1,925, kosa lisilozidi 94 huku au huku. Hesabu mwenyewe.

Imani ya mtu usiiguse. Georges Lemaître alikuwa padri, na mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unatanuka. Mimi huwa nasema ninachopima ni mawe, basi.

Akikumiminia hoja kumi mfululizo, mwombe achague moja, ile anayoiona nzito kuliko zote. Wengi huchagua chumvi: bahari ingekuwa kongwe hivyo, mbona haijajaa chumvi? Mweleze kwamba chumvi huingia baharini na hutoka pia, hunaswa kwenye matope, hukauka ikawa matabaka ya mwamba. Mwanasayansi John Joly aliihesabu ile inayoingia tu mwaka 1899, akapata miaka milioni 80 hadi 90. Kosa hilo tulilifanya sisi kwanza, na hata hivyo 6,000 hatukuikaribia.