Mleta uzi, Jumamosi usiende studio: mimi nilishalizwa na kurekodi mmoja mmoja

Usiende. Salamu baadaye.

Nimesoma uzi wako ndani ya daladala mpaka nikapitiliza kituo. Mko watatu, piano, besi na dramu, mnataka albamu ya jazz yenye utani kama ile ya bendi ya The Bad Plus ya 2003, These Are the Vistas. Prodyuza kakwambia kila mtu aje siku yake, apige peke yake na kliki sikioni, ile mashine inayomhesabia mapigo, yeye ataunganisha. Kwako hilo limeshapita, umelitaja kwa mstari mmoja tu, ndipo ukauliza maswali manne: piano halisi au kinanda, kava (kurudia wimbo wa wengine) iwe ya wimbo gani, picha ya jalada, na kuuza mtandaoni. Hayo tutayafikia.

Huo mstari mmoja ndio uliokula milioni tatu na laki nne zangu mwaka 2017. Zilikuwa hela za mabati. Mpaka leo mvua ikinyesha mke wangu anaweka ndoo sebuleni, anasikiliza matone, anauliza, "Baba Neema, hii ndiyo solo?"

Sisi tulikuwa tunapiga kila Ijumaa kwenye hoteli moja hapa Dar. Utani wetu ulikuwa hivi: mimi kwenye piano nikifika mwisho wa ubeti, noti ya mwisho naibana, siipigi. Mpiga dramu ananikodolea macho. Ananyanyua fimbo, anaishusha, haigusi kitu. Mpiga besi anajifanya kakuta nyuzi zimelegea, anazikaza. Wateja wanaacha kutafuna. Halafu bila mtu kuhesabu tunaangukia mahali pamoja sote watatu, na meza ya nyuma inaangua kicheko. Siku nyingine tunasubiri kidogo, siku nyingine mpaka mhudumu anadhani umeme umekatika. Hicho ndicho tulichotaka kiingie kwenye albamu. Hatukuwa na kingine, mimi si fundi kihivyo.

Tukaenda kwa prodyuza. Simkatai, kwaya alizozirekodi ni nyingi na zinasikika vizuri. Ila jazz alikuwa anaijua kwa jina. Akatuambia jazz ya kisasa ni usafi. Usafi! Kama tumepeleka mashuka. Nikamwekea Vistas, akasikiliza dakika mbili akasema, "Unaona? Hawa wako kwenye kliki kabisa." Na mimi mtu mzima mwenye masikio mawili nikaitikia kwa kichwa. Za kuambiwa changanya na zako, zangu siku hiyo niliziacha nyumbani.

Jumatatu akaingia mpiga dramu peke yake, kliki ya mapigo 112 kwa dakika sikioni, na kinanda cha mwongozo nilichokirekodi harakaharaka. Kufika pale pa kuning'inia, akauliza kupitia kioo, "Kaka, hapa nisubiri mapigo mangapi?"

Hapo ningekuwa na akili ningefungasha. Tangu tujuane hajawahi kuuliza swali hilo, kwa sababu jibu lilikuwa usoni kwangu. Nikamjibu weka manne. Nyimbo tisa, kila penye utani manne, kama ushuru wa soko.

Jumatano ikawa zamu ya besi. Ijumaa nikaingia mimi, nikakuta ukimya wangu umeshapangwa na mtu ambaye muda huo yuko kwao anaosha pikipiki. Nikavuta uso wangu wa kejeli, ule wa hotelini. Nikamvutia nani? Kioo. Moja, mbili, tatu, nne, nikapiga. Hebu jaribu kumtegea mwenzako kitendawili kwa barua. Unaandika "kitendawili" leo, "tega" inafika keshokutwa, jibu linakuja baada ya wiki na stempu juu.

Na bado. Mpiga dramu wetu snea yake, ile dramu ndogo inayolia kavu, huchelewa kidogo, kiasi cha mtu kushusha pumzi. Ndiyo inayofanya mguu wako utikisike bila wewe kupenda. Prodyuza akaona kwenye kompyuta lile pigo limekaa nyuma ya mstari. Akalisogeza. Akayasogeza yote, nyimbo tisa! Usiku wa saa tano akanipigia simu kwa furaha, "Mzee, nimewanyoosha." Tukalipa salio. Nilimwekea shemeji yangu, akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Si ndiyo hii wanayotuwekea tukipiga simu huduma kwa wateja?"

Nilikaa miezi bila kugusa piano. Niliporudi kwenye Vistas nilirudi kwa hasira, nikitaka kujua wale wametuzidi nini. Tuseme ni studio: wao walikwenda mpaka Real World kule Uingereza, prodyuza wao Tchad Blake, mtu mwenye masikio yake. Sawa, hela hiyo hatuna, tusidanganyane. Lakini sikiliza Flim humo ndani. Wimbo huo ni wa Aphex Twin, yeye aliutengeneza kwa mashine, mapigo yanakimbia kama mchele kwenye ungo. The Bad Plus, yaani Ethan Iverson, Reid Anderson na David King, wakauchukua kwa piano, besi la mbao na ngozi za dramu, wanaikimbiza ile mashine kwa mikono. Raha yote iko hapo, unasikia watu watatu wanajitahidi, wanakaribia, wanacheka na jitihada yao wenyewe. Wao wamechukua mashine wakaifanya watu. Sisi tulikuwa watu tukaenda kulipa tufanywe mashine.

Na wanapopiga Smells Like Teen Spirit ya Nirvana, bendi ya roki, piano inaubeba wimbo kwa heshima zote kama mtu aliyevaa suti ya msibani, huku dramu nyuma inavunja vyombo. Iverson hakonyezi. Angekonyeza utani ungekufa. Ila ili wewe ushike uso wa msiba lazima mtu awe anakuchokoza muda huohuo, chumba hichohicho. Uso wa msiba ukiwa peke yako chumbani ni huzuni tu.

Kama hao ni wa mbali sana kwako, chukua mpiga piano Ahmad Jamal. Januari 1958, hoteli ya Pershing, Chicago, na Israel Crosby kwenye besi na Vernel Fournier kwenye dramu. Hotelini, kaka, wateja wamekaa, kama sisi! Jamal anaacha nafasi tupu kubwa mpaka unataka kumsukuma, na wale wawili wanamshikia. Albamu waliyorekodi pale ilikaa kwenye chati za Marekani zaidi ya wiki 100. Hakuna mtu aliyemhesabia manne.

Kwa hiyo chumba kimoja, wakati mmoja, macho yanaonana. Prodyuza wako atakwambia dramu itaingia kwenye maiki za piano. Itaingia kweli. Iache iingie. Mpe mpiga dramu brashi badala ya fimbo kwa nyimbo za polepole, simamisha godoro kati yake na piano, lakini lisipite urefu wa macho. Liishie kifuani tu. Nyimbo pigeni nzima, mara tatu, mchague moja. Akikosea mmoja mnarudia wote, na hapo ndipo prodyuza atanuna, kwa sababu hana tena cha kusogeza.

Sisi tulirudia 2019. Ukumbi wa kanisa wenye piano, fundi wa kukaza nyuzi akaja asubuhi ileile, rafiki mwenye maiki nne na laptopu, na chipsi mayai za watu watano. Jumla haikufika laki tano. Nyimbo tano kwa mchana mmoja. Kwenye wa tatu kuna bajaji inapita nje wakati nimeibana noti, mpiga dramu akaisubiri ipite, akaipigia sahani ya dramu mara moja kuiaga. Hapo ndipo kila anayesikiliza anacheka. Shemeji pia.

Haya, maswali yako. Piano: nimeshasema kanisani. Kava: mambo ya ruhusa waulize COSOTA, wale wa hakimiliki, kabla hujarekodi, wimbo gani mtajua wenyewe mkikaa pamoja. Kuuza mtandaoni mimi si wa kuulizwa, ile ya kwanza niliuza nakala kumi na moja na nne alichukua dada yangu. La nne ulikuwa umeuliza nini vile? Nikiupandisha uzi juu simu inakwama.

Malipo ya awali uliyotoa hayarudi, nimeshajaribu. Ila umesema mpiga dramu ndiye anaanza, Jumamosi saa tatu asubuhi, na anatokea Kibaha. Mpigie sasa hivi kabla hajaomba ruhusa kazini.