Vijana wa gereji, wekeni chini hiyo silikoni kwanza

Jana usiku mvua ya Nakuru imeshuka vile hushuka mwezi wa nne, na leo asubuhi nafika kazini napata kijana wangu amemaliza tyubu nzima ya silikoni kwa windskrini ya NZE, ile Toyota Corolla. Namuuliza, maji yanaingilia wapi? "Mbele, mkubwa." Mbele! Gari gani haina mbele? Nikaona niandike vile mtu hutafuta penye maji ya mvua yanaingilia gari, juu nikiongea mnaangalia simu.

1. Penye maji yametulia sio penye yameingilia. Maji hufuata chuma, hufuata waya, hupita chini ya karpeti, unapata nyuma kumelowa na tundu liko kwa dashi. Toa karpeti, inua felti, anika. Wewe unayebonyeza karpeti na kidole unasema iko sawa, ile felti ya chini imeshika maji kama sponji na wiki ijayo mteja anarudi gari ikinuka soksi.

2. Gusa hayo maji. Yakiteleza na yako na rangi, hiyo ni kulanti, maji ya kupoza injini, hita inavuja, usisingizie mvua. Na kama huja siku ya jua AC ikiwa imewashwa, zibua paipu ya maji ya AC uende nyumbani.

3. Mtu wa mkono akae ndani na tochi, wewe nje na hosi, maji ya pole pole, anza chini ukipanda. Ukianza kwa rufu maji yanateremka kila mahali na hujui ni raba gani ina makosa. Mashine ya kuoshea gari weka mbali, ile presha inaingiza maji hata penye mvua haijawahi kufika.

4. Windskrini usiiguse kama hujaona maji yakipita hapo na macho yako. Hii nimeilipia.

Nilikuwa mwaka wa pili kwa gereji, akaja mwalimu mmoja wa Njoro na AE100, Corolla ya zamani, maji yanajaa kwa miguu ya abiria. Nikapaka silikoni, akalipa, akaenda. Mvua ikanyesha, akarudi. Nikapaka tena juu ya ile ya kwanza, sasa windskrini inakaa keki. Akarudi mara ya tatu, na safari hii amekuja na mama watoto, viatu vyake vya kanisa viko kwa mfuko wa nailoni, ananionyesha tu bila kusema kitu. Aibu ikanishika nikasema leo kioo kinatoka. Nikaingiza waya nikaanza kukata gundi, nikavuta kwa hasira kidogo, tii! ufa kutoka kona mpaka kona. Mwenye gereji akanunua kingine akakata kwa mshahara wangu, mwezi huo nilikula sukuma mpaka nikaichukia. Tukaweka kioo kipya, gundi safi, jamaa akaenda. Siku mbili, simu. "Fundi, maji bado." Kwa upole hivyo. Heri angenitusi.

Akirudi, mzee wetu wa waya, fundi wa umeme wa gari, alikuwa hapo. Akatoa waipa, akatoa ile plastiki iko chini ya windskrini, akaingiza mkono akaanza kuchota maua na majani ya jakaranda yameoza, meusi, kama mbolea. Matundu ya kutoa maji yalikuwa yameziba, kwa hivyo mvua ikinyesha hapo panajaa kama sufuria halafu maji yanamwagikia kwa blowa, ile feni ya kuleta hewa ndani, blowa inayashusha kwa miguu ya abiria. Akazibua na kipande cha waya, akamwaga ndoo ya maji kujaribu, yakatokea chini ya gari. Dakika kumi. Halafu akapangusa mikono kwa ovaroli yangu.

Gari ilikuwa inalala chini ya jakaranda, mwaka mzima. Mara tatu zote sikuwahi kumuuliza anapaki wapi. Mpaka leo huyo mwalimu akija ananisalimia, "Leo hutoi kioo?"

5. Silikoni ya madirisha ya nyumba, ile inanuka siki, inakula chuma. Wacheni.

6. Sanruf, lile dirisha la kwa rufu, iko na paipu za kutoa maji kwa kona. Zibua na uzi wa nailoni wa kukatia nyasi, sio hewa ya kompresa, utachomoa paipu ndani ya nguzo na hapo utalia.

7. Buti: toa vitu vyote, angalia raba za taa za nyuma. Na zile Subaru za zamani kompyuta iko chini ya karpeti ya abiria, kwa hivyo hapo usiseme utaangalia kesho.

8. Ile nailoni nyuma ya peneli ya mlango. Maji kuingia ndani ya mlango ni kawaida, yanashuka yanatokea matundu ya chini, nailoni ndiyo inayazuia yasije kwa karpeti. Nyinyi mkirekebisha dirisha mnaing'oa mnatupa, eti ni takataka ya Wajapani.

NZE ya leo tumeitoa peneli saa nane. Hakuna nailoni. Nani alirekebisha hilo dirisha mwezi jana? Kijana wangu. Nailoni tumeipata chini ya benchi, amekuwa akiikalia akila githeri.