Kuchonga marumaru bila mfano wa udongo

Kaka, umeuliza kama mtu aliyezoea kuchonga mbao hapa Mbeya anaweza kuingia moja kwa moja kwenye jiwe bila kufinyanga mfano wa udongo kwanza. Anaweza. Brancusi, yule mchongaji sanamu maarufu mzaliwa wa Romania, alichonga hivyo. Ila mbao zinakusamehe. Jiwe ukishalibandua, huna cha kurudishia.

Kwanza hakikisha ni marumaru kweli (sio za sakafuni, hizo ni vigae tu!). Jiwe la Songwe linalotokana na chemchemi za maji moto ni travatino: lina vitundu, pua nyembamba ya sanamu itakukatikia. Ligonge kwa nyundo. Likilia kama kengele, ni jiwe zima. Likitoa sauti ya debe bovu, lina ufa ndani, achana nalo. Kisha limwagie maji, mishipa itajionyesha.

Patasi ya mbao weka kabatini. Anza na tindo yenye ncha, ilaze kama nyuzi 45. Ukiisimamisha wima, pigo linaponda chembe za ndani na kuacha doa jeupe ambalo hata msasa hauliondoi, mpaka uchimbe chini yake. Mimi goti zima la sanamu yangu ya kwanza liliharibika hivyo. Ukikaribia umbo, badili: tindo ya meno, kisha tindo bapa, kisha tupa (ile ya chuma ya kukwangulia), halafu msasa wa maji.

Pua acha nene mpaka mwisho. Na barakoa vaa, hata ukifanyia kazi nje.