Barua kwa mwanangu: kuhusu mzee wenu wa forodha

Mwanangu,

Swali lako limenikosesha usingizi. Umesema mkurugenzi anataka kupunguza mtu mmoja kwenye ofisi yenu ya uwakala wa forodha, na wewe kama mkuu wa kitengo umetakiwa kumpendekeza. Jina lililokujia ni la yule mzee wa miaka 53: mshahara wake mkubwa, kwenye kompyuta si mwepesi, na saa kumi na moja ikifika hayupo. Unaniuliza kama utakuwa umemdhulumu.

Naona hivyo, mwanangu, na nitakueleza kwa nini.

Mwenyewe uliniambia aliingia hapo enzi za kubeba makaratasi mkononi, ikaja mifumo ya forodha ya kompyuta: ASYCUDA akajifunza, ikaja TANCIS akajifunza tena. Huyo si mtu aliyeshindwa kujifunza. Anachukua muda mrefu kidogo kuliko vijana, basi. Na kontena likikwama bandarini kwa sababu namba ya HS, ile ya kutambulisha aina ya bidhaa, imekosewa, anaitwa nani? Tozo za ucheleweshaji zinahesabiwa kwa siku. Kosa analolikamata yeye kabla nyaraka hazijatumwa haliandikwi popote, kwa hiyo mkurugenzi halioni.

Wodi ya wazazi nimeifanyia kazi mpaka nikastaafu. Wauguzi vijana walikuwa na mbio, na tuliwahitaji sana. Lakini wa kumtazama mama aliyenyamaza ghafla na kusema "aitwe daktari sasa hivi", mara nyingi alikuwa muuguzi wa makamo. Zamu ya vijana watupu niliiogopa, na ya watu wazima watupu vilevile.

Hilo la saa kumi na moja ndilo lililoniuma zaidi. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada ni kwa makubaliano na kwa malipo ya mara moja na nusu. Je, hao wanaobaki hadi usiku wanalipwa? Kama hawalipwi, ofisi yenu ina tatizo jingine kabisa, na mzee kwenda nyumbani kumuuguza mkewe silo. Wewe mwenyewe unatoka mapema kumnyonyesha mjukuu wangu, na sheria hiyohiyo inakupa hadi saa mbili kwa siku. Soma kifungu cha 7: ujauzito, majukumu ya familia, ulemavu na umri vimo kwenye orodha moja ya mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kumbagua mtu kwayo. Ukikubali leo kwamba anayewahi nyumbani ndiye wa kuondoka, kesho utajitetea kwa lipi?

Halafu hesabu atakachoondoka nacho. Kiinua mgongo kwa sheria ni angalau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotumikia, ila miaka inayohesabiwa haizidi 10. Kwa hiyo miaka yake ishirini na ushee hapo inaweza kuishia kwenye mshahara wa siku 70. Pensheni ya uzeeni ya NSSF huanza miaka 55 kwa hiari, 60 kwa lazima, bado hajafika. Na unayajua matangazo ya kazi yanayotaka "umri usiozidi miaka 35".

Usimpelekee mkurugenzi jina. Mwambie kifungu cha 38 kinamtaka kwanza atoe taarifa, aeleze sababu, na ashauriane na wafanyakazi jinsi ya kuepuka kupunguza watu na vigezo vya kuwachagua. Kama shida ni fedha, aweke hesabu mezani. Huenda mzee mwenyewe akakubali kupunguza siku na kubaki na kazi ya kukagua nyaraka na kuwafundisha vijana. Lakini aulizwe, na awe na mtu wa kumsemea.

Najua unaogopa nafasi yako, maana umepandishwa juzi tu. Yaandike hayo kwa barua, kwa adabu, ubaki na nakala. Ukishaonana na mkurugenzi nipigie baada ya isha, na uniambie homa ya mtoto imeshuka.

Mama yako,
Tanga