Binti amebabuka na pampasi, usiku halali: ninavyojua mimi

Pole sana kaka. Nimelisoma swali lako lote: binti wa miezi minane, ametoka kunywa antibayotiki ya kifua, tumbo likalegea, sasa makalio yamebabuka na usiku kila akikojoa anashtuka na kulia. Mama yake yuko zamu ya usiku, bibi kwenye simu anasema mpake unga wa muhogo, na duka la dawa wamekupa tyubu ambayo huiamini. Mimi nina watoto watatu, wote nimewalea hapa Tanga kwenye joto hili letu, na wa pili ngozi yake ilikuwa haivumilii pampasi iliyolowa hata kidogo. Ninayokuandikia ni yale niliyoyafanya kwa mikono yangu na yale niliyofundishwa na manesi wa kliniki.

Tuanze na hiyo tyubu. Soma boksi lake kabla ya kitu kingine. Ukikuta limeandikwa betamethasoni au klobetasoli, iweke juu ya kabati na isimguse mtoto. Hayo ni majina ya steroidi kali, mara nyingi zimechanganywa na dawa ya fangasi na dawa ya bakteria kwenye krimu moja, na zinapendwa kwa sababu steroidi inatuliza ngozi upesi, mtu anaona amepona. Tatizo ni kwamba mtoto umemfunga pampasi. Chini yake pana joto na unyevu, ngozi inafyonza dawa kuliko kawaida, na ukiendelea kupaka ngozi inakuwa nyembamba. Ipo steroidi nyepesi ambayo daktari huandika kwa siku chache, lakini huyo ni daktari aliyemvua mtoto na kumtazama, si muuzaji uliyemsimulia dirishani.

Sasa mvue umwangalie kwenye mwanga wa mchana. Picha nyingi za mtandaoni ni za watoto weupe, kwa hiyo unatafuta wekundu ambao kwa watoto wetu wengi hutauona. Kwenye ngozi nyeusi sehemu iliyoungua inakuwa nyeusi zaidi au inaelekea zambarau, inang'aa kama iliyovutwa, ukiweka mgongo wa mkono unasikia joto, na pale ilipochubuka ndipo unaona nyama nyekundu. Halafu chunguza mikunjo, yaani pale paja linapokutana na kinena. Kama mikunjo ni mizima na kilichoungua ni mashavu ya makalio, mapaja na sehemu inayogusana na pampasi, huo ni mbabuko wa mkojo, choo na msuguano. Kama ndani ya mikunjo ndiko kumewaka zaidi, na pembeni kuna vipele vidogo vilivyotawanyika mbali kidogo na baka lenyewe, hapo fangasi wameshaingia. Kwa binti yako mimi nawashuku hao fangasi, kwa sababu antibayotiki inaua hata bakteria wazuri waliokuwa wanawazuia. Mfungue na mdomo. Ukiona utando mweupe kwenye ulimi au ndani ya mashavu, usioondoka ukiufuta kwa kitambaa laini, mpeleke kliniki apate dawa ya mdomo, na mama yake aangaliwe chuchu kama bado ananyonyesha, la sivyo watakuwa wanaambukizana.

Fangasi wa makalioni wana krimu yao ya peke yake, klotrimazoli ya asilimia 1 au nistatini, isiyochanganywa na kitu. Mwambie mfamasia hivyo hivyo: nataka ya fangasi tupu, ya mtoto. Inapakwa nyembamba mara mbili au tatu kwa siku, na huachi siku ile ngozi inapopendeza, unaendelea siku kadhaa mbele, maana fangasi wanarudi.

Kwa nini usiku ndiyo balaa? Mchana mtoto anabebwa, anabadilishwa, anakaa uchi kidogo. Usiku analala saa nyingi kwenye unyevu ule ule. Choo cha mtoto kina vimeng'enya vya kusaga chakula, na kikiwa cha kuharisha vinakuwa vingi zaidi kwa kuwa kimepita tumboni haraka. Kikichanganyika na mkojo, bakteria wa kwenye choo wanatengeneza amonia, ile harufu inayokupiga puani ukifungua nepi ya asubuhi, na amonia inavipa vile vimeng'enya nguvu ya kuila ngozi. Ngozi iliyolowa imeshalainika, ikisuguliwa inatoka. Mkojo mpya ukipita juu ya kidonda kama hicho, unajua mwenyewe limau linavyouma kwenye kidole kilichokatika.

Kwa hiyo kazi kubwa ya usiku inafanyika kabla hajalala. Saa mbili usiku hivi, muogeshe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, bila sabuni ya manukato, bila chumvi, na tafadhali bila dawa ya kuua vijidudu ile ya kusafishia sakafu ambayo watu wanatia tone. Mtoe, mkaushe kwa kubonyeza taulo taratibu, usifute. Kisha mlaze uchi juu ya khanga kuukuu zilizokunjwa, chini yake ule mpira mliokwenda nao kujifungulia, ndani ya chandarua, acheze apigwe na hewa. Kwa joto la Machi huku kwetu hata feni haihitajiki kumwelekea. Atakojoa juu ya khanga, sawa, khanga zinafuliwa. Nusu saa ya namna hii inazidi krimu nyingi za bei mbaya.

Baada ya hapo ndipo unapaka. Ikiwa ni fangasi, ile krimu ya fangasi inatangulia, kidogo, unaiacha dakika chache iingie. Juu yake unaweka ukuta: krimu yenye zinki oksaidi, au kama hakuna, mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Watu wanakosea hapa kwa ubahili. Wanapaka kama losheni, wanasugua mpaka inapotea. Zinki haipakwi ipotee. Inabandikwa nene mpaka ngozi isionekane, kwa sababu kazi yake ni kuzuia mkojo usiifikie ngozi. Pampasi ya usiku iwe mpya, ya kunyonya vizuri, na uifunge kwa kulegeza, vidole viwili vipite kiunoni. Kama zinaacha alama mapajani, nunua saizi ya juu yake. Za kitambaa mimi nazipenda mchana. Usiku, kwa mtoto aliyebabuka, kitambaa kinakaa na maji yote dhidi ya ngozi, na ukivalisha chupi ya nailoni juu yake ndiyo umemchemsha kabisa.

Kabla hujalala wewe, panga vitu vyako karibu na kitanda, maana saa nane usiku hakuna mtu mwenye akili ya kutafuta pamba. Mimi nilikuwa naweka chupa ya chai yenye maji ya moto na jagi la maji ya kawaida ili nichanganye, pamba, vitambaa laini vya khanga, krimu ikiwa imeshafunguliwa mfuniko, na pampasi imeshakunjuliwa. Na kitu kimoja kilichoniokoa: chupa ndogo ya maji ya kunywa, umeiosha, mfuniko umeutoboa matundu kwa sindano. Choo kikitoka usiku hukifuti, unakiogesha. Unaweka beseni chini, unaibonya chupa, maji ya uvuguvugu yanatiririka na kuondoa uchafu bila mkono kugusa kidonda. Kwa mtoto wa kike maji yaende kutoka mbele kurudi nyuma. Waipsi ziache mpaka apone, nyingi zina manukato na unaona anavyoruka zikimgusa.

Ile krimu ya zinki iliyobaki usiiparure. Watu wanakwangua mpaka ngozi iwe safi kabisa, kumbe wanaondoka na ngozi changa iliyoanza kuota. Osha kilichochafuka tu, zinki iliyoshika iache, ongeza nyingine juu. Ukitaka kuitoa yote, ifanye mara moja kwa siku, kwa pamba yenye mafuta, na huo uwe mmoja wa nyakati zako za kupaka ile ya fangasi.

Taa usiwashe. Simu iwashe tochi, ielekee ukutani, na usimwongeleshe sana, ukianza mchezo hapo mtakutana na adhana ya alfajiri mko macho wote. Akiwa na choo, badilisha papo hapo, hata kama amelala. Akiwa amekojoa tu na ngozi ni nzima unaweza kumwacha, lakini kwa hali uliyoeleza mbadilishe mara moja katikati ya usiku, vizuri zaidi pale anapoamka kunyonya. Usimpunguzie maziwa ili asikojoe. Mkojo mchache ni mkali zaidi, na mtoto mwenye tumbo lililolegea anahitaji maji mwilini.

Kuhusu kulia anapokojoa: akianza kujikunja na unaona anaubana, mkalishe kwenye beseni lenye maji ya uvuguvugu yanayofika kiunoni, umeshika mgongo wake, akojoe humo humo. Mkojo unachanganyika na maji hapo hapo, hauumi. Nilikuwa nafanya hivyo usiku ule mbaya, na mtoto anatulia palepale kwenye beseni anaanza kupigapiga maji. Maumivu yakizidi, sirapu ya parasetamoli inafaa kwa umri wake, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara nne kwa saa 24. Uzito umeandikwa kwenye kadi ya kliniki. Ila soma kwanza chupa za dawa nyingine anazokunywa kama nazo hazina parasetamoli ndani.

Kwa bibi, usibishane naye kwenye simu. Ila unga usipake, wala poda. Unga ukilowa unagandamana ndani ya mikunjo na kusugua, na vumbi la poda mtoto analivuta mapafuni. Mpe bibi kazi ya kufua nepi, huko ana elimu kutuzidi: sabuni ya kawaida, suuza mpaka maji yawe meupe, anika juani, piga pasi. Pasi si urembo, kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi za nje na funza wake anaingia kwenye ngozi. Na kama kuna mtu kakushauri dawa ya zambarau, ile GV, mimi makalio siyapaki, kwa sababu hiyo rangi inafunika kila kitu na kesho hujui kama ngozi imepona au imezidi.

Tumbo nalo. Kama antibayotiki bado haijaisha, usiikatishe wala kumwongezea bila kumuuliza aliyeiandika. Akiharisha maji mara tatu na zaidi kwa siku, nenda zahanati wakupe ORS na vidonge vya zinki. Kwa umri wake ni miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14. Hicho kidonge kinayeyushwa kwenye kijiko na kunywewa. Hakisagwi kupakwa makalioni, nasema kwa sababu nimeshaona mtu anakitwanga.

Usisubiri mpaka mama yake arudi kama ana homa, kama kuna malengelenge, usaha au magamba ya rangi ya asali, kama vidonda vinatoa damu, kama mbabuko unapanda tumboni na mgongoni, au kama analegea na hanyonyi. Na hili ulitilie maanani kwa kuwa ni wa kike: akiwa analia kukojoa huku ngozi haina mchubuko wa kueleza kilio hicho, hasa akiwa na homa, huo unaweza kuwa ugonjwa wa njia ya mkojo, apimwe mkojo. Bila dalili hizo, mpe siku mbili tatu za utaratibu huu. Mbabuko wa kawaida hapo unakuwa umeshaanza kukauka. Usipobadilika, mpeleke.

Mbabuko ukipona utaona mabaka meupe palipokuwa na kidonda. Wengi wanashtuka wanadhani ni ugonjwa mwingine wanaanza kupaka tena. Ni rangi tu imepotea kwa muda, itarudi yenyewe ndani ya wiki kadhaa au miezi.

Kesho mwangalie mikunjo mchana, usome na hilo boksi, halafu utuletee mrejesho hapa umekuta nini.