Maswali ya mafundi: Matundu ya domino yasiyokutana

SWALI: Ndugu mhariri, pokea salamu kutoka Mafinga. Mimi ni seremala, na ninatengeneza meza, makabati na milango kwa mbao za paini, mara chache kwa mninga. Mwaka jana nilinunua mashine ya Festool Domino DF 500 iliyokwisha kutumika, ile inayotoboa matundu mapana ambamo huingizwa ulimi, yaani kipande cha mbao kinachounganisha mbao mbili. Inatoboa vizuri, lakini matundu hayakutani sawasawa: nikiunganisha mbao za uso wa meza, ubao mmoja hupanda juu ya mwenzake kwa unene wa ukucha, na kwenye fremu za milango ulimi hukaa upande. Muuzaji wa vifaa ananishauri ninunue stopa za pembeni, stopa ya mbao nyembamba na bamba la kuegemea, vyote kwa pamoja. Je, vitaniondolea tatizo hili, au nitakuwa nimetupa fedha? (Seremala, Mafinga)

JIBU: Ndugu seremala, kabla ya kutoa fedha, chukua mbao sita kutoka kwenye rundo lako uzipime unene kila ncha. Wewe uko jirani na msitu wa Sao Hill, ambako mbao nyingi hupasuliwa kwa zile mashine ndogo tunazoziita dingdong, na unajua kama ninavyojua kwamba ubao wa inchi moja wa huko unaweza kuwa na milimita 23 ncha moja na 27 ncha ya pili. Kasoro ya uso wa meza yako nadhani inaanzia hapo, na hakuna stopa hata moja kati ya ulizotajiwa inayoweza kuiondoa, kwa sababu stopa hizo hupanga tundu kulia na kushoto, ilhali kasoro yako ni ya juu na chini.

Juu na chini hupangwa na fensi, yaani lile bamba la mbele linalolala juu ya ubao. Umbali kutoka kwenye fensi hadi katikati ya biti, yaani kile chuma kinachotoboa, haubadiliki ukishaikaza fensi. Kwa hiyo, ukiweka fensi juu ya uso wa kwanza wa ubao huu, kisha ukaiweka juu ya uso wa chini wa ubao wa pili, tofauti yote ya unene itajitokeza mezani. Chora alama ya penseli kwenye uso utakaoonekana wa kila ubao, na fensi iguse uso huo tu, hata kama itakulazimu kumgeuza msaidizi wako asimame upande wa pili wa meza. Zile hatua za unene zilizoandikwa kwenye mashine, yaani 16, 20, 22, 25, 28, 36 na 40, huweka tundu katikati ya ubao wenye unene huo. Lakini ubao wako wa milimita 24 ukitobolewa kwa hatua ya 25, tundu litakuwa milimita 12.5 kutoka juu, na litakuwa hivyo kwa mbao zote. Kwamba haliko katikati kabisa si neno. Ulimi umo ndani na hakuna mteja atakayeuona.

Sasa tuje kwenye kulia na kushoto, ambako ndiko vifaa vinakofanya kazi. Mashine yako tayari ina pini mbili ndogo mbele, moja kila upande, zilizo milimita 37 kutoka katikati ya biti. Ukiegemeza pini kwenye ukingo wa ubao, tundu la kwanza hukaa mahali pale pale kwenye mbao zote mbili bila kuchora mstari wowote. Stopa za pembeni hufungwa huku na huku kwenye mashine na kurefusha umbali huo: huweza kupangwa kuanzia milimita 100 hadi 205. Pini ya stopa huingizwa ndani ya tundu lililotangulia, nawe ukasogea tundu baada ya tundu kwa nafasi ile ile mpaka mwisho wa ubao. Ni kifaa kizuri kwa anayeunganisha mbao ndefu kila siku. Kwa anayefanya meza mbili kwa mwezi, penseli na guni, yaani kipimo cha pembe mraba, vinatosha, kwa sharti moja: tundu la kwanza litobolewe kwa upana unaoubana ulimi, na yaliyobaki kwa upana wa pili, unaoupa ulimi takriban milimita 3 za kuchezea kila upande. Hilo la kwanza ndilo litakalozipanga mbao. Hayo mengine yanashika tu.

Hapa niongeze jambo ambalo wengi hawaambiwi wanaponunua mashine iliyokwisha kutumika. Swichi ya kubadilisha upana wa tundu igeuzwe mashine ikiwa inazunguka, kamwe si ikiwa imezimwa, kwa kuwa biti inahitaji kuwa inacheza kulia na kushoto ndipo mtambo wa ndani ukubali nafasi mpya. Ukigeuza ikiwa imezimwa, swichi itaonyesha upana mmoja na mashine itatoboa mwingine. Nimewahi kupoteza fremu nzima ya kitanda cha mninga kwa uzembe huo.

Kuhusu fremu za milango, maelezo yako yananifanya nikubaliane na muuzaji kwa kifaa kimoja, nacho ni stopa ya mbao nyembamba. Ina mikono miwili inayoubana ubao kutoka pande zote mbili, kwa upana wa kuanzia milimita 22 hadi 70, na tundu hukaa mahali pamoja kwenye ncha ya kila ubao. Paini ya inchi mbili kwa mbili ikishapigwa randa hubaki na milimita 45 hivi, na kwenye ncha ndogo kama hiyo mashine huyumba mkononi hata kwa fundi mzoefu. Ukiipanga stopa mara moja, ncha arobaini zitatoka zikifanana.

Bamba la kuegemea usilinunue. Kazi yake ni kuongeza eneo la kukalia ili mashine isilale upande unapotoboa kwenye ukingo mwembamba. Kipande cha ubao ulionyooka, kilichofungwa kwa klempu sambamba na kazi yako na usawa wa uso wake, kinafanya kazi ile ile.

Vilevile rafu za makabati hazihitaji kifaa cha dukani. Katika DF 500 katikati ya biti ni milimita 10 kutoka kwenye kitako cha mashine. Laza rafu juu ya ubao wa pembeni wa kabati, ukingo wake ukifuata mstari ambapo rafu itakaa, kisha ufunge kwa klempu. Simamisha mashine, kitako kikigusa ukingo wa rafu, utoboe ubao wa pembeni. Halafu ilaze mashine juu ya ubao huo huo utoboe ncha ya rafu. Vipimo vyote viwili vimetoka kwenye kitako kimoja, hivyo matundu yatakutana hata rafu ikiwa ya plaiwudi ya milimita 18. Ila pangusa kila mara, kwani punje moja ya maranda chini ya kitako inatosha kuharibu usahihi wote huu, na bila mashine ya kufyonza vumbi punje hizo hazikosekani.

Mwisho, kwa mbao za kando za meza zinazorudi ndani kidogo kutoka kwenye uso wa mguu, usibadilishe fensi. Ipange kwa ajili ya mguu, kisha unapotoboa ncha za mbao za kando bandika chini ya fensi kipande cha plaiwudi chenye unene wa kiasi unachotaka zirudi ndani. Plaiwudi ya milimita 6 itazirudisha milimita 6.

SWALI: Ninatengeneza vishikio vya ngazi vya mviringo, na mashine ya domino huteleza kila ninapoisukuma. Je, kuna stopa ya kazi hii? (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Ipo, na inafaa miti ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 35 hadi 60. Kama vishikio vyako vimo ndani ya vipimo hivyo, inunue, maana kubuni kifaa cha kushikilia mviringo kutakula siku nzima. Kama ni vinene zaidi, toboa tundu wakati mti bado una pembe nne, ndipo uuzungushe kwa randa. Na kwa ngazi za nje, kwa mvua za Mbeya, usitumie ndimi za kawaida za mti wa biki. Tafuta za mti wa sipo, ambazo hutengenezwa kwa ajili ya kazi za nje.